Mizani Mlangoni pa Jiko

Sogeeni, jamaa zangu, niwasimulie, maana jambo hili haliko mbali na milango yetu.

Asubuhi moja ya Jumamosi, nyumba ya fundi boti ilikuwa imetulia raha mustarehe. Mama alikuwa anakaanga mayai. Baba, ambaye ndiye fundi na ndiye kocha, alikuwa kakaa sakafuni akipaka grisi vigurudumu vya kiti cha boti, kile kinachoteleza mbele na nyuma mpiga makasia anapovuta. Mabinti zao wawili walikuwa wanagombania kipande cha mwisho cha mkate. Mkubwa wanamwita Ngongoti kwa urefu wake. Mdogo ni Bonge, kwa mabega yake mapana na kwa sababu hakuna sahani iliyowahi kumshinda.

"Mwachie dada yako!" Mama akasema.

"Dada kumlisha hasara, Mama," Bonge akajibu. "Miguu yote ile, chakula kinapotea njiani."

Wote wakacheka, hata Baba.

Msimwone Ngongoti mtu wa mchezo. Alianza utotoni kwa kumbebea baba yake makasia, akakua nayo, akaenda kushindana nchi za watu, akarudi na medali ya shaba. Sasa yeye na mdogo wake walikuwa wamefuzu mashindano ya dunia, boti ya watu wawili, daraja la wepesi. Hakuwa na ndoto nyingine. Alitaka avute makasia mpaka mvi zimwote.

Basi Baba akanyanyuka, akanawa mikono, akaingia chumbani, akatoka na mizani. Akaiweka mlangoni pa jiko.

"Kuanzia leo, kabla ya kula, hapa kwanza," akasema.

Daraja la wepesi lina sheria yake. Wenzi wawili wanapimwa, kilo zao zinajumlishwa, zinagawanywa kwa mbili, na jibu lisizidi kiwango. Bonge alikuwa bado anakua na alikuwa juu kidogo. Kwa hiyo mkate alioula Bonge ulitakiwa kutoka mwilini mwa dada yake.

"Wewe ndiye mkubwa," Baba akamwambia Ngongoti. "Mvumilie mwenzio."

"Sawa, Baba."

Mtoto mtiifu, mtasema. Ngojeni kwanza.

Mwanzoni njaa ilimsumbua, akapiga moyo konde. Baadaye njaa ikaondoka yenyewe, akadhani amefaulu. Kumbe ilipoondoka iliacha nafasi, na mkanganyiko ukahamia. Akawa anatia chumvi kwenye chai. Siku moja alisukuma mlango wa jirani, akakaa sebuleni kwa watu, akashangaa nani kabadilisha makochi. Majirani nao, midomo haina breki: "Umependeza! Umekuwa mwembamba!" Akaitikia asante, bila kujua anashukuru nini.

Bwawani, wanakofanyia mazoezi, ikawa balaa. Mpiga makasia wa boti ile anashika makasia mawili, na vishikio vinapopishana tumboni, mkono wa kushoto hupita juu ya wa kulia. Mtoto anafundishwa hilo siku ya kwanza. Ngongoti, bingwa mzima, akawa anasahau. Mikono ikagongana, vidole vikachubuka, damu ikachuruzika kwenye suruali.

"Una nini wewe?" Baba akafoka kutoka ukingoni. "Kushoto juu!"

"Kushoto ni upi?" Ngongoti akauliza. Aliuliza kweli, hakuwa anatania.

Bonge, anayekaa nyuma yake na kuuona mgongo wake kila siku, akanong'ona, "Dada, mifupa yako naiona yote. Mimi nitapunguza kula."

"Wewe kula. Mimi niko sawa."

Mama alikuwa na mashaka yake. Aliona pakiti ya pedi ya Ngongoti kabatini haijafunguliwa, mwezi huu na uliopita. Akajumlisha na kizunguzungu, akajumlisha na kutapika. Akamvuta Ngongoti chumbani.

"Mwanangu, una mimba?"

Baba alisikia kutoka barazani. Alipandwa na mori hadi macho yakamtoka. "Nani huyo? Mtaje! Miaka yote hii ninakujenga, kaja mhuni gani kuniharibia?"

"Hakuna mtu, Baba," Ngongoti akasema, ila sauti yake mwenyewe haikumridhisha. Akaanza kujiuliza. Mlango wa kwetu niliusahau, labda na hili limetokea nikalisahau? Akakaa kitandani akijishika tumbo, akijitafutia makosa asiyoyajua.

"Baba, mimba gani inapunguza kilo?" Bonge akadakia.

"Nyamaza, usinitie wazimu!"

Wakaenda zahanati. Muuguzi akapima, akarudi amekunja uso.

"Hana mimba, Mzee. Ila..."

"Afadhali!" Baba akashusha pumzi hadi mabega yakashuka. "Afadhali, afadhali!"

"Mzee, nisikilize. Hedhi imekatika kwa sababu mwili hauna chakula. Ukiendelea hivi mifupa nayo itadhoofika. Aache mashindano kwanza, ale."

"Asante sana, mwanangu. Umenitua mzigo," Baba akasema, na tayari alikuwa amesimama anavaa kofia. Maneno yote aliyoyasikia yalikuwa mawili: hana mimba. Akatoka akipiga mluzi. Ngongoti akamfuata, asijue kama ameonekana ana hatia au hana.

Wakasafiri kwenda kwenye mashindano. Wakapimwa, jibu likakaa sawasawa, Baba akampigapiga Ngongoti mgongoni. "Sasa unaweza kula," akamwambia. Alijaribu ndizi, ikarudi.

Mbio zikaanza. Wapiga makasia huketi wakiupa mgongo mwisho wa safari, na Ngongoti, akiangalia boti za wenzake zikibaki nyuma, alishindwa kuelewa kwa nini wale watu wanarudi kinyumenyume. Akavuta. Akavuta tena. Ndipo akasikia "ka!" chini ya kwapa, na kasia likamponyoka likampiga tumboni. Boti ikapinda.

"Dada!" Bonge akaacha makasia yake, akamdaka fulana asitumbukie majini. Walikuwa wanaongoza. Boti zote zikawapita.

Kwenye hema la matibabu daktari alisema bila kuzunguka. Ubavu umevunjika kwa kuvuta tu, hajagongwa na mtu. Mifupa imekuwa ya bibi kizee. Atapona akila na kupumzika, lakini mashindano makubwa ayasahau. Baba alisimama pale, kofia mkononi.

Wakaleta sahani ya wali na yai, wakamwekea Ngongoti mapajani. Kila mtu alimtazama. Yeye akamtazama Baba.

"Nile?"

Bonge akaisogeza sahani karibu naye zaidi. Akadhani hawajamwelewa.

"Nimeshapimwa, Baba."

"Kula, mwanangu," Baba akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. Ngongoti hakuelewa analia nini. Akashika kijiko, akakichovya kwenye wali, akakisimamisha hewani.

"Kiasi gani?" akauliza.

Baba akatoka nje ya hema.

Funzo la haya

Wazazi wenzangu, yule baba hakuwa katili. Alimpenda binti yake, ila sifa zilimlevya, akasikia alichotaka kusikia na mengine akayatilia pamba masikioni. Mtaalamu akisema "ila", keti umalizie kusikiliza. Mtoto akisema "sawa" kila mara, usifurahi tu, muulize anaumwa wapi. Na sisi majirani tuache kusifia wembamba wa mtu tusiyejua amekula nini. Ngongoti sasa ana afya, lakini makasia aliyoyapenda hayashiki tena, na akipakua chakula bado anageuka kuangalia nani anamtazama. Medali haitamrudishia hilo. Watoto wetu wale washibe kwanza, ndipo tuwapeleke kushindana.