Funza wa Mama Usafi

Kila asubuhi Mama Usafi alifagia uwanja wake, kisha akafagia na mbele ya nyumba za watu. Jina hilo alipewa na mtaa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko ufagio wake.

"Funikeni vyakula!" alipaza sauti. "Nzi hao mnaowachekea ndio wanaowaharisha!"

Nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa la perege. Huko mambo yalimwendea kombo. Samaki walikula na kula, lakini hawakukua. Unga wa dagaa aliowalisha ulikuwa adimu, na ukipatikana umejaa mchanga. Mumewe, fundi baiskeli, alimtania, "Mke wangu, hawa nao tuwauze kama dagaa."

Siku moja afisa wa samaki alimtembelea. Alivua perege mmoja kwa wavu, akamtazama.

"Huyu amekosa protini," alisema. "Protini ndiyo inayojenga mwili. Si lazima itoke kwenye dagaa tu. Fuga mabuu."

"Mabuu ndio nini?"

"Watoto wa nzi."

"Yaani funza?" Mama Usafi aliruka. "Mimi? Nyumbani kwangu?"

Afisa akacheka. "Si nzi wa chooni, dada. Huyu ni nzi mwingine, mweusi, mwembamba kama nyigu. Akishakua hana shida na chakula chako. Anataga mayai, anakufa. Watoto wake wanakula maganda na mabaki ya mboga. Wakinenepa, unawachovya kwenye maji ya moto, unawaanika, unawasaga. Unga wao unachanganya na pumba na dagaa kidogo."

Mama Usafi alikubali shingo upande. Afisa alimletea mabuu wadogo, naye akawaweka kwenye pipa la plastiki. Lakini aibu ilimshika. Alilificha pipa stoo, akalifunga kwa nailoni, akaweka mfuniko na jiwe juu. Akalijaza maganda mpaka pomoni, ili asionekane akienda stoo kila siku.

"Unafuga au unaficha mali ya wizi?" mumewe aliuliza.

"Nyamaza! Wakijua, uso wangu nitauweka wapi?"

Haikuchukua muda, harufu mbaya ikatanda mtaani. Kwenye mkutano wa usafi watu walilalamika. Wote walimgeukia mwenyekiti wao. Maneno yakamponyoka Mama Usafi.

"Ni choo cha fundi viatu," alisema.

Fundi viatu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee mpole aliyeishi peke yake. Aliinamisha kichwa.

Kuanzia siku hiyo benchi lake la wateja lilibaki tupu. Watu walipita upande wa pili wa njia, wameziba pua. Mama Usafi alimsikia ng'ambo ya ukuta akisugua choo chake, akimwaga maji, akisugua tena. Alijiona mchafu kuliko mtu yeyote mtaani, na bado hakusema kitu.

Afisa aliporudi, alifungua pipa. Wote wawili walirudi nyuma. Mabuu walikuwa wamekufa ndani ya uji mweusi.

"Umewanyima hewa," afisa alisema. "Tena umewashindilia chakula. Wasichomaliza kinaoza, na hicho ndicho kinachonuka. Wape kidogo kidogo, kisiwe na maji mengi. Pipa likae kivulini, penye hewa, lifunikwe kwa wavu. Kwa nini ulilifunga hivi?"

"Aibu," Mama Usafi alijibu.

"Basi hiyo aibu yako ndiyo inayonuka."

Mama Usafi alitoka, akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu. Alimwambia yote. Machozi yalimtoka.

Mzee aliweka sindano chini. "Nimesugua mpaka nikaanza kudhani kweli ni mimi," alisema. "Sikia, mwanangu. Ulinichafua mbele za watu. Nenda ukanisafishe mbele za watu."

Kwenye mkutano uliofuata Mama Usafi alisimama.

"Choo cha baba yetu fundi viatu ni kisafi," alisema. "Harufu ilitoka kwangu. Ninafuga funza wa kulisha samaki, nikawaficha, wakaoza. Nilimsingizia."

Kicheko kikalipuka. "Mama Usafi anafuga funza!" Aliwaacha wacheke. Wengine hawakucheka, na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Alianza upya na mabuu wengine. Pipa alilitoa nje, kivulini, akalifunika kwa wavu. Harufu ikaisha. Majirani walikuja kuchungulia, kisha wakaanza kuleta maganda yao, na jalala la mtaa likapungua. Perege waliolishwa unga wa mabuu, pumba na dagaa kidogo walianza kunenepa. Siku ya kuvua, mumewe alishindwa kuunyanyua wavu peke yake.

Mama Usafi aliwachagua waliokuwa wakubwa kuliko wote, akawapeleka kwa fundi viatu. Wateja wachache walikuwa wamerudi, lakini wengine bado walipita upande wa pili.

"Nimekuletea kitoweo, baba," alisema, akageuka haraka ili aondoke.

"Ahsante. Samaki weka hapo," mzee alisema, akapangusa benchi kwa mkono. "Lakini wewe kaa. Wapitao wakuone umekaa kwangu."

Mama Usafi akakaa.