Mwenye Harusi ni Nani

Foleni ya bajia za falafeli pale Jabal Luweibdeh, Amman, asubuhi ya Ijumaa haina adabu. Watu wanasukumana, mafuta yananukia hadi barabarani, na kila mtu anadai yeye ndiye aliyetangulia. Nisrin alikuwa katikati yake, mtandio wa rangi ya haradali kichwani, suti nyeusi ya kazi mwilini, raba nyeupe miguuni, simu sikioni.

"Ndiyo, mama, keki tutairekodi kabla haijakatwa. Nani? Shangazi wa bwana harusi anataka wimbo ubadilishwe? Si bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeuchagua! Haya, subiri, mama yake bibi harusi anapiga."

Nyuma yake mtu akacheka.

"Kuna kichekesho, kaka?" Nisrin akageuka.

Alikuwa kijana mrefu, shati la kitani limepigwa pasi vizuri. "Samahani, dada. Nilikuwa nawahesabu wateja wako. Harusi moja, na kila anayepiga ndiye mwenye harusi."

"Kwani wewe ni mkaguzi wa foleni?"

"Nauza programu za kusimamia wateja. Wewe ndiye niliyekuwa nakuota." Akasikia alichosema, masikio yakamwiva. "Yaani, kibiashara."

Nisrin akacheka bila kutaka. Kijana aliitwa Qusai.

Studio ya Nisrin ilikuwa juu ya duka la mapazia, mtaa wa Gardens. Yeye na rafiki yake Hanan walirekodi video za harusi upande wa wanawake tu, kule mitandio inakovuliwa na mabinti wanacheza nywele wazi kwa magauni ambayo shemeji hatakiwi kuyaona hata kwa bahati mbaya. Hakuna mwanamume aliyegusa kamera wala kompyuta yao. Kazi ilikuwa nyingi, ila mambo yote yalikaa kwenye jumbe za simu na kichwani mwa Hanan, na kichwa cha Hanan kilikuwa kimejaa. Walihitaji programu kama wagonjwa wanavyohitaji dawa.

Qusai akawaunganisha na ya kwake kwa mtandao, kompyuta yao hakuigusa: tarehe, mikataba, arbuni, vikumbusho. Video ikishakamilika, programu inamtumia mteja yenyewe.

"Hapa pameandikwa 'mteja,'" Nisrin alisema akigusa kioo. "Na pana nafasi ya jina moja. Nimwandike nani?"

"Anayelipa. Mteja ni anayelipa, dunia nzima."

Nisrin akasita. Lakini Qusai alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile limeshaharibu akili za wengi. Akaandika bwana harusi.

Tangu hapo simu zikawa haziishi.

"Programu imekwama?" Qusai aliuliza.

"Haijakwama."

"Basi umenipigia kwa nini, roho yangu?"

"Kidole kimeteleza."

"Tangu asubuhi kinateleza tu? Kipeleke hospitali."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita roho yako?"

"Nilisubiri ukatae, hukukataa."

Hanan, aliyekuwa akihariri video pembeni, akavaa vipokea sauti ili asisikie zaidi. Nisrin alikuwa amependa, na alijua.

Ndipo ikaja harusi ya Sulafa. Hanan alimaliza kuhariri, akabonyeza "imekamilika," akaenda kula. Programu ikafanya ilichofundishwa. Video ikaingia kwenye simu ya bwana harusi akiwa kwa baba yake, sinia la mansafu, wali na nyama ya kondoo, limezungukwa na kaka zake. Akaifungua akidhani ataona keki. Akamwona Tala, mdogo wa mkewe, nywele mgongoni, anacheza. Aliifunga palepale na simu akampelekea mama yake, muungwana yule. Lakini kaka yake aliyekuwa begani kwake alikuwa ameshaona, na ameshatia neno la mzaha.

Mama Sulafa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. "Nisrin, mwanangu," alisema kwenye simu, "nilikufungulia mlango wa mabinti zangu. Tala amejifungia, hataki kula."

Nisrin akampigia Qusai.

"Programu yako imeniua! Imempelekea bwana harusi video ya wanawake!"

"Naiondoa video, sasa hivi. Tulia, kipenzi. Ila programu imefanya kama ilivyojazwa..."

"Ilivyojazwa na nani?"

Qusai akaanza kuomba radhi. Alikuwa amechelewa.

"Basi jiondoe na wewe," Nisrin akasema, akakata.

Akaenda mwenyewe kwa kina Sulafa. Akasimama nje ya chumba cha Tala akaomba radhi kupitia mlango, na matusi akayapokea yote, maana alistahili. Aliporudi alikuta mabibi harusi wawili wamevunja mkataba. Hanan alikuwa analia juu ya kibodi.

"Tufunge, Nisrin. Turudi kufundisha shule."

"Hatufungi. Mlango tumeuharibu sisi, tutautengeneza sisi. Futa machozi, lete majina ya wauza programu wote wa Amman."

Wakaja na tai zao na kompyuta zao. Nisrin aliwapokea kwa chai na swali moja: "Bwana harusi analipa, mama anaamua, bibi harusi ndiye aliyerekodiwa. Video anapewa nani?"

"Wote!" akasema wa kwanza kwa fahari.

"Chai yako inapoa, kaka. Kunywa uende."

Wa pili akasema programu yake inatumika Ulaya nzima. Nisrin akamwambia Ulaya nzima haitamsaidia siku Mama Sulafa akipiga simu.

Katikati ya mambo hayo Mama Sulafa akapiga kweli, sauti imechangamka. "Mwanangu, leo sebule yetu imejaa! Yule kijana wa programu kaleta jaha, ujumbe wa wazee wa ukoo wao mzima, na majoho yao. Wamemwomba radhi mume wangu. Mume wangu kasamehe."

Hanan akapiga makofi. Wajomba wote wale kwa ajili ya video moja! Mwanamke mwingine angeyeyuka. Nisrin damu ilimchemka. Akamfuata Qusai kazini kwake, mbele ya wenzake.

"Umekwenda kwa nani?"

"Kwa baba yao. Nilitaka kusafisha jina lako."

"Jina langu limezungumzwa na wanaume sebule nzima, mimi sipo! Niambie, Qusai, kwenye ile video baba anacheza?"

"Hapana."

"Anayelia ni yeye?"

Nisrin akamnyooshea kidole.

"Kwanza ulimwona anayelipa. Sasa umemwona mwenye sharubu. Tala humwoni kabisa. Mimi nitakuaje na mtu asiyeniona?" Machozi yakamtoka hapo mbele za watu, wala hakuyafuta. "Nakupenda, mjinga wewe. Hilo ndilo linaloniudhi."

Akatoka. Qusai hakumfuata. Alikwenda kwa mama yake, akamweleza kila kitu, na mama akamwita punda kwa upendo wote alionao mama. Kisha wakaenda wote wawili kwa kina Sulafa. Mama akaingia ndani kwa wanawake, Qusai akabaki barazani, akaomba radhi kwa sauti ili ipite mlangoni. Hakujitetea hata kidogo. Halafu sauti ya Tala: "Nimesikia. Sasa uache kuwauzia watu kitu ambacho hukielewi."

Tala mwenyewe ndiye aliyempigia Nisrin kumwambia. "Na video yangu usiifute, dada. Nilicheza vizuri. Nipe mimi, mkononi."

Nisrin akakaa na Qusai kwenye mkahawa wa ngazi za Luweibdeh, saa ya alasiri, wamezungukwa na kelele za wanafunzi.

"Nimechagua programu," akasema.

"Nimeiandika upya yangu. Kila mtu wa harusi ana nafasi yake, na haitumi kitu mpaka wewe ubonyeze..."

"Nimechukua ya watu wa mji wa Irbid. Ina sura mbaya, lakini tangu mwanzo ilikuwa inauliza nani aone nini. Yako ilibidi mtoto wa watu alie kwanza."

Ilimchoma, ilionekana. Akameza. "Ni haki. Na mimi? Badala yangu pia umepata wa Irbid?"

"Wewe sijamaliza kukufikiria."

Qusai akatoa simu, akapiga. "Mama? Niko naye. Hapana, mimi sina la kusema, nishasema sana. Zungumza naye mwenyewe." Akamsogezea Nisrin simu, akainuka, akaenda kusimama mbali, kwenye ngazi, asikoweza kusikia.

"Binti yangu," ikasema sauti ya mama, "nataka kuja kwenu Alhamisi, peke yangu, kumwona mama yako kwa habari ya posa. Wanaume tutawaita tukishaelewana. Lakini kwanza nakuuliza wewe: nije, nisije?"

Nisrin akamtazama yule mtu mrefu pale kwenye ngazi, anajifanya anasoma tangazo la watu waliopotelewa na paka.

"Njoo, mama," akasema. "Njoo mapema, chakula cha mchana utakula kwetu."