Wimbo wa Ubavuni

Stetoskopu haiimbi. Ya daktari wa upasuaji iliimba, asubuhi kweupe, alipoiweka ubavuni mwa shemeji yake.

Mshipa wa figo ukivimba kama puto, damu huvuma ndani yake: vuu, vuu. Mvumo huu ulikuwa na maneno. Lala, mwanangu, lala. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye shuka safi.

“Shemeji, unanisikiliza au umesinzia?” mgonjwa alicheka. “Kama nakufa niambie mapema, nipake kucha rangi.”

“Nyamaza kidogo,” daktari alinong'ona.

Wimbo ule ulikuwa wa marehemu mkewe, dada wa mgonjwa huyu. Aliuimbia mimba yake. Siku moja alilalamika kwamba kuna kitu kinavuma ubavuni. Mumewe, bingwa mzima wa mishipa, akajibu, “Uchovu tu huo,” bila hata kumgusa. Tusipambe maneno: alimpuuza. Mshipa ulipasuka, wakazikwa wawili.

Wiki ile ile aliyousikia wimbo, daktari alimpasua shemeji yake. Figo lilitolewa likawekwa pembeni kwenye bakuli la barafu, ili akate uvimbe na kuunga mshipa kwa kipande cha mshipa kilichotoka mguuni mwake, nalo lilikuwa jeupe, baridi, halina tone la damu, nesi aliyeshika bakuli alipohisi barafu ikigonga kingo zake, taratibu, kwa mapigo, na udongo ukanuka mpaka macho yakawachonyota.

“Daktari... linapiga.”

“Naona.”

“Halina damu! Hilo jini, haki ya Mungu.”

Daktari aliinama karibu na bakuli, machozi yakilowesha barakoa.

“Mke wangu, uliniambia, sikukusikiliza. Kosa ni langu. Mwachie mdogo wako. Ukitaka pa kukaa, njoo kwangu.”

Barafu ikatulia. Akaunga, akalirudisha figo tumboni, akafungulia damu. Likageuka jekundu kama shavu la mtoto.

Siku ya tatu aliweka stetoskopu ubavuni mwa mgonjwa. Kimya.

“Nimepona?”

“Umepona.”

“Basi acha kuimba, shemeji. Wimbo huo wa dada unaniliza.”

Mdomo wa daktari ulikuwa umefumbwa. Alishusha mkono chini ya koti jeupe, akagusa ubavu wake mwenyewe. Ulivuma kiganjani.

Hakumwambia mtu. Alivuta kiti, akageuzia stetoskopu kwake. Safari hii alisikiliza.