Safari Kabla ya Safari

Walikutana benki, mwisho wa mwezi, ukumbi umefurika watu hadi mlangoni. Mwanamke alikuwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, sare nyeupe ameificha chini ya sweta la kijani. Usingizi ulimzidi nguvu kwenye benchi la kungojea, kichwa kikamwangukia begani mwanaume aliyekaa karibu naye, mpima ardhi mwenye buti zilizokauka matope. Mpima ardhi akaitwa dirishani, hakuinuka. Muuguzi naye akaitwa, hakusikia.

"Kaka, mbona hukuniamsha?" aliuliza alipozinduka, akijipangusa mdomo.

"Ulikuwa unakoroma kwa raha. Kukuamsha ingekuwa dhambi."

"Mimi sikoromi."

"Basi benki nzima imesikia vibaya."

Mambo yakaanzia hapo. Mpima ardhi akamwita Sista, kama wagonjwa walivyomwita. Sista akamwita Bwana Vipimo, kwa kuwa hakuweza kukaa mezani bila kusema mguu mmoja wa meza ni mfupi. Penzi likiwa bado bichi, Bwana Vipimo alimweleza ndoto yake: kulizunguka ziwa kubwa la nyanda za juu kwa baiskeli, yeye na mpenzi wake ubavuni.

"Unajua kuendesha?"

"Tena vizuri," Sista akajibu.

Kiangazi kilipoingia wakajiandikisha kwenye kikundi cha waendesha baiskeli. Ziwa lilikuwa mbali, kwa hiyo Bwana Vipimo aliazima pikapu ya shemeji yake, mume wa dada, akazifunga baiskeli mbili nyuma kwa kamba. Walikubaliana kusimama kila penye mandhari nzuri. Asubuhi ya safari Sista alivaa blauzi ya njano na suruali ndefu, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa mrembo, lakini macho yalikuwa yamezama. Mwezi mzima alikuwa akichelewa kurudi kutoka kazini, akifika anajitupa kitandani na viatu vyake, na simu kutoka kwa mwanaume mmoja hazikukoma.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukingo wa mlima. Bonde lilitandazwa chini yao, mashamba yamekatwa viraka viraka, ukungu ukijikokota juu ya mto. Bwana Vipimo alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa simu ilipolia. Sista akajitenga. Upepo haukumwonea haya, ukaleta maneno: "Hapana, bado hajui. Najua umenivumilia sana. Nitamwambia tukifika."

Waliporudi garini, mwanaume alisubiri kona mbili zipite.

"Nani huyo?"

"Wa kazini."

"Wa kazini ndiye nani?"

"Dereva wa ambulensi. Mpenzi, nimechoka. Tuendeshe tu."

Kituo cha pili yalikuwa maporomoko ya maji. Watu walijaa kwenye vyuma vya kuzuia wakipiga picha, manyunyu yakiwalowesha nyuso. Maharusi wawili wakamwomba Bwana Vipimo awapige picha. Akawapiga, akawarudishia simu yao, kisha akamgeukia Sista.

"Wiki iliyopita nilikuja hospitali kukuchukua. Mlinzi akaniambia umetoka zamani, uko nyuma ya karakana na dereva. Nikageuza, nikaenda zangu."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka uniambie mwenyewe."

"Kwa hiyo umenileta huku kunipima?"

"Mpigie simu aje akuchukue."

Sista alikuwa na jibu. Lakini kwa uchovu wa usiku mwingi akaona kueleza ni kazi nyingine tena. Alishusha begi lake, akafungua kamba, akashusha na baiskeli yake, akaanza kuisukuma kuelekea walikotoka. Bwana Vipimo akageuza gari, akamfuata polepole, dirisha wazi.

"Ingia garini."

"Sitaki."

"Kituo cha mabasi ni mbali."

"Miguu ninayo."

"Na baiskeli unaisukuma ya nini? Si uipande."

Sista akasimama, akamtazama kwa macho yasiyojua usingizi. Akaweka begi mgongoni, akapanda. Alikanyaga pedali mara moja, usukani ukatetemeka kama mwenye homa, akayumba kushoto, akayumba kulia, akaishia mtaroni, baiskeli juu yake.

Bwana Vipimo aliruka bila kuzima injini. Akamkuta amekaa kwenye nyasi kavu, mguu mmoja wa suruali umeliwa na mnyororo hadi gotini. Muundi wake ulijaa michubuko, mipya na ya zamani, ya zambarau na ya kijani.

"Hii yote ya nini?"

"Ya nyuma ya karakana." Hakuwa analia, hata nguvu za kulia hakuwa nazo. "Sijui kuendesha baiskeli. Siku ile uliponiuliza uso wako ulikuwa umechanua, nikashindwa kukuvunja moyo. Dereva amewafundisha wanawe, nikamwomba anifundishe. Kila nikitoka zamu, badala ya kwenda kulala, nakwenda kuanguka. Leo alipiga kunisihi nisithubutu kupanda huku milimani."

Mwanaume akaketi ukingoni mwa mtaro. Alikosa pa kuweka mikono.

"Nimekutukana moyoni mwezi mzima," alisema.

"Na mimi nimekudanganya tangu tujuane. Tuko sawa."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Nataka kulala."

Alimlaza kwenye kiti cha mbele, akamfunika koti lake. Kituo cha tatu, bonde la chemchemi za moto, ndicho alichokitamani Bwana Vipimo kuliko vyote. Alikipita taratibu bila kusimama, mvuke ukipanda kando ya barabara, asije akamwamsha.

Walifika ziwani jioni. Kikundi kilikuwa uani mwa nyumba ya wageni, kikijaza matairi upepo. Bwana Vipimo alikuwa akimwambia kiongozi kwamba wamejitoa, Sista akatokea nyuma yake akipiga miayo.

"Usimsikilize. Yeye anakwenda."

"Bila wewe sina hamu."

"Baba, sikiliza. Mimi nahitaji wiki ya kulala, wewe unahitaji wiki ya kujifikiria. Nenda, utanikuta hapa."

Kulipokucha Bwana Vipimo aliondoka na wenzake, akigeuka nyuma mpaka wakamwambia atazame barabara. Sista alipunga mkono, akarudi kitandani.

Jua lilikuwa limepanda simu ilipomwamsha.

"Sista, umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Niko juu ya kilima. Nataka kukuuliza jambo." Alikuwa akihema. "Nikimaliza kuzunguka hili ziwa, tuoane?"

Sista aliisikiliza ile pumzi.

"Mradi usinifundishe kitu chochote."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Shuka polepole, na uniache nilale."

Akaiweka simu kifudifudi, akavuta shuka hadi masikioni.