Samaki Mgeni wa Machano

Kila siku saa mbili asubuhi Machano alinawa mikono kwa maji matupu, akaikausha, kisha akasimama mbele ya tangi la samaki. Tangi hilo la kioo lilikuwa ukumbini, katika nyumba ya wageni ya Bi Nusrat, Mji Mkongwe. Lilikuwa refu kama kitanda. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, mchanga, matumbawe, konokono, kamba wawili wadogo na samaki saba.

Tangi lilijengwa na marehemu Muhiddin, mume wa Bi Nusrat. Alipofariki, kazi ya kulitunza alipewa Machano. Machano alijua kupima chumvi ya maji, kusafisha pampu na kuwalisha samaki. Wageni walimwita fundi, na jina hilo lilimpendeza.

"Fundi, yule mkubwa anaitwaje?" waliuliza.

"Kitatange," alijibu Machano. "Ana miaka tisa humu. Marehemu alimtia kwa mkono wake."

Siku moja mvuvi mmoja, Mcha, alimletea samaki hai ndani ya ndoo. Alikuwa kangaja wa buluu, mwenye pezi la njano mgongoni. Machano alimwangalia akasahau hata kumkaribisha Mcha ndani.

"Kaingia kwenye mtego wangu wa dema leo," alisema Mcha. "Mimi si mtu wa matangi. Lakini ningekuwa wewe, ningemweka peke yake kwanza nimtazame."

Machano alicheka. "Bahari ni moja, Mcha. Nimtazame nini?"

Akammimina kangaja kwenye tangi, maji ya ndoo na yote. Siku ile wageni walipiga picha nyingi sana.

Siku ya tano Machano aliona vidoa vyeupe kwenye mapezi ya kangaja. Vilikuwa vidogo kama chembe za chumvi. Kangaja alikuwa akijikuna kwenye matumbawe. Machano aliingiwa na wasiwasi, lakini hakumwambia mtu. Siku ya nane vidoa vilikuwa vimetoweka.

"Alhamdulillah, kapona," alijisemea.

Baada ya siku chache vidoa vilirudi. Mara hii vilikuwa vingi, na si kwa kangaja tu. Samaki wote walikuwa navyo. Walipumua mbiombio, wakakataa chakula. Kangaja alikufa Jumatatu. Kufika Alhamisi walikuwa wamekufa wengine watatu.

Bi Nusrat alishuka ngazi polepole, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Akasimama mbele ya tangi.

"Machano, kunani humu? Samaki wanne kwa wiki moja!"

Machano alilijua jibu. Kama hakulijua lote, basi alijua lilipoanzia. Lakini wageni wawili walikuwa wamekaa pale wakinywa chai, na wote walikuwa wakimtazama.

"Pengine ni sabuni, Bi," alisema. "Juzi Mwanapili alikuwa anafuta vioo."

Mwanapili ndiye aliyefanya usafi pale. Aliitwa, akaja na ufagio mkononi.

"Umetia sabuni kwenye tangi la marehemu?" aliuliza Bi Nusrat.

"Wallahi sikutia, Bi. Mie nlifuta nje tu, kwa kitambaa kikavu."

"Sasa samaki wamekufa na nini?"

Mwanapili alimgeukia Machano. Alingoja aseme neno. Machano aliinama, akaanza kuishikashika pampu kama mtu anayeitengeneza. Pampu haikuwa na ubaya wowote.

Mwanapili aliambiwa aende nyumbani, asirudi mpaka aitwe. Aliuegemeza ufagio ukutani, akachukua mkoba wake, akatoka. Wageni walikuwa wakimtazama mpaka mlangoni.

Machano alikaa Mwanakwerekwe na mkewe, Riyama, na binti yao, Nadra. Ijumaa, baada ya sala, walikuwa wakila wali na mchuzi wa pweza. Riyama alikuwa ametoka sokoni.

"Baba Nadra, nimekutana na Mwanapili," alisema. "Maskini, kafukuzwa kazi. Ati katia sabuni kwenye samaki."

Machano aliendelea kutafuna.

"Analia mbele za watu pale sokoni. Mtu mzima yule! Anasema kazi ikipotea atapata nyingine, lakini hilo jina la uharibifu atalifutaje? Nani kamzulia maneno kama hayo?"

Machano alilirudisha tonge sahanini.

"Mimi," alisema.

Riyama aliacha kula.

"Mimi nlisema pengine. Nlisema pengine ni sabuni." Machano hakuweza kumtazama. "Nnadhani maradhi kaja nayo yule kangaja. Nimemtia mimi."

Nadra, mwenye miaka tisa, alimtazama mama, akamtazama baba, akaondoka taratibu na sahani yake. Hilo la mtoto kuondoka lilimuumiza Machano kuliko maneno.

"Samaki waliobaki watapona?" aliuliza Riyama mwishowe.

"Sijui."

"Basi nenda kwa anayejua. Bi Sichana yupo leo. Halafu utakwenda kwa Mwanapili, na huko usinitume mimi."

Bi Sichana alikuwa jirani yao. Alikuwa mama wa Kitumbatu, na kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha samaki wa baharini. Machano alimkuta uani akianua nguo.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, Machano. Karibu."

"Nimekuja kuuliza. Kuna rafiki yangu mmoja, samaki wake wa tangi wametokwa na vidoa vyeupe."

"Kama chumvi?"

"Kama chumvi."

"Vikatoweka, yeye akafurahi, kisha vikarudi vingi zaidi?"

Machano alishangaa. "Umejuaje?"

"Ndivyo yalivyo hayo maradhi. Huyo rafiki yako aliingiza samaki mpya?"

"Aliingiza."

"Alimweka karantini kwanza, peke yake?"

"Hakumweka."

Bi Sichana alikunja shuka. "Na huyo rafiki yako, wamebaki wangapi mpaka leo?"

"Leo asubuhi nimeacha wanne," alisema Machano. Alipokwisha kusema, uso ulimwiva kwa haya.

Bi Sichana hakumcheka. Alimpa kiti.

"Sikiliza vizuri. Hivyo vidoa ni vimelea. Kimelea ni kijidudu kinachoishi kwenye mwili wa mwenzake na kumla. Hiki humla samaki ngozi na mashavu anayopumulia. Mtu hakimdhuru. Kikishiba, hudondoka kwenye mchanga. Hapo ndipo vidoa hutoweka, na mwenye tangi hudhani samaki wamepona."

"Kumbe hawajapona!"

"Wapi! Kule mchangani kimelea hujifunika gamba na kujigawa. Kimoja huzaa mamia. Baada ya siku chache gamba hupasuka, watoto huogelea kutafuta samaki. Baharini maji ni mengi, wengi hufa bila kumpata. Tangini samaki hana pa kukimbilia."

Machano aliyakumbuka maneno yake kwa Mcha. Bahari ni moja. Alitamani ardhi impasukie.

"Kuna dawa, Bi?"

"Ipo ya shaba. Lakini ukiitia kwenye tangi kubwa, kamba, konokono na matumbawe watakufa. Tena inataka kupimwa kila siku. Ikipungua haifai kitu, ikizidi ni sumu. Ipo njia nyingine isiyotaka dawa. Una mabeseni makubwa?"

"Yapo mawili."

"Watoe samaki wote. Watie beseni la kwanza, maji safi ya bahari, pampu ya hewa, na kipande cha bomba wajifiche. Kila baada ya siku tatu uwahamishie beseni la pili, kwa maji mapya. Lile la kwanza ulioshe, ulianike juani mpaka likauke kabisa, pamoja na wavu na bomba. Vimelea vitakavyodondoka vitabaki kwenye beseni lile, na utavikausha kabla havijapasuka. Wahamishe mara nne. Usiruke siku hata moja."

"Na tangi kubwa?"

"Likae bila samaki hata mmoja kwa wiki kumi na moja. Vimelea vikikosa samaki hufa vyenyewe. Kamba na konokono wabaki, hao hayawapati."

"Wiki kumi na moja!" Machano aliinuka nusu. "Bi Sichana, tangi liko ukumbini. Kila mtu ataliona tupu. Kila mtu atauliza."

"Wataona, ndiyo. Na wewe utawajibu."

Asubuhi yake Machano hakunawa mikono wala hakusimama mbele ya tangi. Alipanda moja kwa moja juu kwa Bi Nusrat. Kwa kupita tu alikuwa ameona samaki mwingine amekufa usiku. Walibaki kitatange na wawili wadogo wa rangi ya machungwa.

"Bi Nusrat, Mwanapili hakutia sabuni," alisema. "Maradhi nimeyaleta mimi na yule kangaja. Mcha alinambia nimweke kando, nikamcheka. Vidoa niliviona tangu siku ya tano. Nikanyamaza."

Bi Nusrat alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini.

"Ukaniacha nimuadhiri mtu wa watu mbele ya wageni?"

"Naam."

"Ukaniacha nimfukuze?"

"Naam, Bi."

"Na mimi nimefanya haraka," alisema Bi Nusrat taratibu. Alikuwa akitazama mikono yake. "Sikumuuliza mara ya pili. Nipe buibui langu. Tunakwenda wote."

Mwanapili aliwakaribisha, akatandika mkeka. Machano alisema yote, kama alivyosema kwa Bi Nusrat. Hakulitumia tena neno pengine. Bi Nusrat naye aliomba radhi. Mwanapili aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Mie moyoni nimekusameheni," alisema mwishowe. "Lakini mlinitia aibu ukumbini, mbele za watu. Hapa chumbani kwangu tuko watatu tu."

Machano alielewa.

Jumapili asubuhi wageni walikuwa wakinywa chai. Mpishi alikuwapo, na mlinzi alikuwapo. Mwanapili alisimama karibu na mlango. Machano alisimama mbele ya tangi.

"Alhamisi nilisema samaki wamekufa kwa sabuni ya Mwanapili," alisema. "Nilisema uongo. Wamekufa kwa kosa langu. Niliingiza samaki mgonjwa bila kumweka karantini. Mwanapili, nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Mgeni mmoja alimuuliza jirani yake kilichosemwa, akatafsiriwa. Mwanapili aliitika kwa kichwa. Kisha akaenda kuuchukua ufagio wake, akaanza kazi.

Siku hiyo hiyo Machano aliwahamisha samaki watatu kwenye beseni, katika chumba cha nyuma. Maji aliyachota pwani mbali na bandari, bahari ilipojaa. Kila baada ya siku tatu aliwahamisha. Aliosha, akakausha, akahesabu siku kwenye kalenda. Katika uhamisho wa pili samaki mmoja mdogo alikufa. Machano alimtoa mwenyewe, akamwendea Bi Nusrat, akamwambia.

Kitatange alikuwa hoi, amelalia ubavu. Lakini baada ya uhamisho wa tatu alisimama wima. Baada ya wa nne alikula kipande cha nyama ya kamba mkononi mwa Machano. Machano aliangalia huku na huku kama kuna mtu wa kumwambia. Mwanapili alikuwa akipiga deki nje ya mlango.

"Kala," alisema Machano.

Mwanapili aliingia, akachungulia. "Haya, mpe na mwenzake," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Machano tangu arudi, ukiacha salamu.

Ukumbini, tangi lilikaa bila samaki wiki zote kumi na moja. Wageni wapya walifika karibu kila siku. Walitazama mchanga na konokono, wakauliza samaki wako wapi.

"Niliingiza samaki mgonjwa," alijibu Machano. "Nikawaua wenzake. Sasa nangoja maradhi yafe."

Jibu hilo alilisema mara nyingi mno. Wiki za mwanzo alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye aliweza kuwatazama watu usoni, lakini halikuwahi kuwa jepesi.

Wiki zilipotimia, kitatange na mwenzake walirudishwa kwenye tangi. Bi Nusrat alikaa mbele ya kioo mpaka chai yake ikapoa.

Tangu hapo hakuna samaki mpya aliyeingia ukumbini moja kwa moja. Kila samaki mgeni alikaa kwenye beseni la nyuma wiki sita, na wavu wake, na ndoo yake. Vyombo vya nyuma havikugusa maji ya mbele. Aliyewahudumia samaki wa nyuma alinawa kwanza, akakausha mikono, ndipo aende kwenye tangi. Mwanapili alitaka kujifunza kupima chumvi, na Machano akamfundisha. Siku za mapumziko ya Machano, yeye ndiye aliyewalisha samaki.

Miezi ikapita. Mcha akaleta samaki wawili wadogo wenye milia. Siku ya tisa, Mwanapili alimwita Machano chumba cha nyuma.

"Hebu tazama mkiani. Si vile vidoa?"

Machano aliinama. Vilikuwa vidoa vitatu. Hakungoja kesho vitoweke. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka juu.

"Bi Nusrat, tuna maradhi kwenye beseni."

"Na tangi?"

"Tangi salama. Hakuna kilichogusana."

"Haya, shuka ukamsaidie Mwanapili," alisema Bi Nusrat. "Nimesikia anamimina maji ya beseni la pili tayari."