Ufunguo Shingoni mwa Lynnet

Jumamosi kwetu, karibu na Macalder, huanza kwa kelele za mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Binti yangu Lynnet huamka nazo. Hufagia uwanja, hufungulia kuku, huchota maji, ndipo aombe ruhusa ya kwenda kukwea miti. Si kupanda kwa kuiba matunda, la. Mwalimu Monari amewafundisha watoto kupanda kwa kamba na kofia ngumu, kama mchezo, kwenye mkuyu mkubwa kando ya mto Kuja.

Siku ile ilikuwa zamu ya Lynnet kufungasha sanduku la huduma ya kwanza. Alipanga vitu mezani: shashi, bandeji, plasta, glavu, makasi, sabuni, chupa ya maji safi, vibao viwili vya kushikilia mfupa uliovunjika. Akavitia katika sanduku la chuma nililotoka nalo machimboni. Mimi nikaleta kufuli.

"Baba, Mwalimu alisema lisifungwe," akaniambia.

Nikamjibu kwamba Mwalimu hajui watu. Machimboni bandeji ziliibwa zikatumiwa kufungia viatu, ndiyo maana msimamizi wetu alifunga sanduku na kutembea na ufunguo shingoni. Basi nikautia ufunguo uzi, nikamvika mtoto. Kufuli ikalia.

Tulitoka pamoja, mimi na mtaimbo wangu begani, maana nilikuwa na kisiki cha kung'oa huko mtoni. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mkuyu. Watu walikuwa wamekata matawi ya chini kwa kuni, na vigutu vilivyobaki vilikuwa vikali. Chifu aliambiwa mara mbili akataze ukataji ule. Hakuja hata kutazama. Mwalimu aliwaonya watoto wavikwepe.

Cliff, mvulana asiyekosa neno, aliuona ufunguo.

"Waziri wa Afya amefika," akasema. "Mheshimiwa, nikiumia nipange foleni wapi?"

Wenzake wakacheka. Lynnet naye akacheka, akainua shingo ili ufunguo uonekane vizuri. Mwalimu alipouliza kama sanduku liko tayari, akajibu kwamba liko tayari. Kufuli hakuitaja. Nami nilikuwa pale, sikuitaja.

Lynnet alitangulia kufika juu kabisa. Cliff alikuwa ameshaanza kushuka upepo ulipovuma ghafla ukamsukuma pembeni, na kigutu kikamchana mkono kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja. Alifika chini kwa miguu yake, akautazama mkono, akaketi bila neno. Yeye, bila neno.

Mwalimu alivua shati akalikandamiza juu ya jeraha, akaagiza sanduku. Msichana mmoja, Beverly, alilileta mbio. Akavuta mfuniko. Akavuta tena.

"Mwalimu, lina kufuli."

Sote tukainua macho. Ufunguo ulikuwa kileleni, shingoni mwa binti yangu. Lynnet akautupa. Tuliuona uking'aa mara moja, kisha ukazama kwenye matete ya mto, na pale hata mvuvi asingeupata.

"Nikiachilia, damu inaruka," Mwalimu akasema polepole, na upole ule ndio ulionitisha. Shati lake lilikuwa limelowa lote. "Nahitaji bandeji nikaze, ndipo apelekwe hospitali."

Miaka mitatu iliyopita nilisimama mbele ya kabati la dawa katika zahanati, mke wangu Roseline akivuja damu kwenye benchi. Kabati lilikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda mkutanoni, na Roseline hakurudi nyumbani. Tangu hapo nimewalaani wakubwa wote, na mpaka leo sijawasamehe. Lakini kufuli hii ilikuwa yangu.

Niliinua mtaimbo. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaipinda. La tatu likaikata pamoja na kipande cha mfuniko. Beverly akavaa glavu, akaweka shashi juu ya jeraha, Mwalimu akazungusha bandeji akaikaza. Tukasimamisha bodaboda, nikampakata Cliff nyuma ya dereva, mkono wake nimeuinua juu, Mwalimu akabaki kumshusha Lynnet. Hospitalini Cliff alishonwa nyuzi kumi na nane.

Jioni Lynnet hakugusa chakula.

"Niliulizwa nikasema liko tayari," akaniambia. "Baba, nilipenda kuuvaa ule ufunguo."

"Nyathina," nikamwambia, yaani mtoto wangu, maana sina mwingine, "kosa la kwanza ni langu. Lako ni kwamba ulijua ukanyamaza. Dawa ikifungiwa, ni ya mwenye ufunguo, si ya mgonjwa. Ukiona mkubwa anakosea, hata akiwa mimi, sema kabla damu haijatoka. Ukisema nikakukemea, sema tena."

Jumamosi iliyofuata alifungasha upya. Mfuniko uliovunjika aliufunga kwa utepe wa kitambaa chekundu, fundo la kuvuta mara moja. Chini ya mkuyu alikaa Cliff, mkono umening'inizwa shingoni, akilinda sanduku.

"Waziri, ufunguo uko wapi?" akauliza.

"Jaribu mwenyewe," Lynnet akamwambia.

Cliff akavuta utepe kwa mkono wake mmoja mzima. Mfuniko ukafunguka.