Chupa Zisizo na Kijidudu Hai

Mzee Abdulrahmani, mnunuzi wa korosho, alikata roho alfajiri katika Hospitali ya Mtondoo, hospitali ndogo ya binafsi huko Pande. Sindano ya dripu ilikuwa ingali mkononi na chupa imebaki nusu. Aliyeitundika ni muuguzi Debora, ambaye wiki iliyopita marehemu alimtukana hadharani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Ndugu wa marehemu hawakutaka ushahidi zaidi. Inspekta Pazi alipoitwa, Debora alikuwa amefungiwa chumba cha mizani na nje watu wanapiga kelele kuwa ametia sumu.

Pazi alikuwa amekwama Pande tangu mvua za El Nino zilipokata barabara ya Kilwa Masoko. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzuia dripu zote. Muda si muda, Daktari Leonadi akamvuta pembeni.

"Afande, njoo umwone huyu."

Alikuwa mtoto wa miaka saba, Kadija, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjamana. Kipindupindu. Baba yake, Iddi, mkulima wa Mitole, alikuwa amemshika mguu kana kwamba angeanguka.

"Nimempitishia mpira puani, tumbo limekataa," daktari alisema. "Anahitaji dripu leo hii. Kama mtu alitia sumu kwenye chupa moja, zilizobaki stoo ni salama na nitamtundikia sasa hivi. Kama kasoro ni ya maji yenyewe, sina kitu. Niambie ni lipi."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Pazi alitamani yawe mauaji.

Alianza na Debora.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimchukia marehemu?"

"Nilimchukia. Nikikataa nitakuwa muongo. Lakini ndiyo nimtundikie sumu kwa mkono wangu, ndugu zake wote wananikodolea macho?"

"Alianzaje?"

"Kutetemeka. Nusu saa hivi baada ya dripu kuanza, meno yanagongana, homa ikapanda. Nikaifunga, nikamwita daktari. Moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi."

"Umewahi kuona hivyo kabla?"

Debora alifikiri. "Wiki hii, mara mbili. Walikuwa vijana, wakapona. Tukasema malaria."

Salumu, mdogo wake marehemu na mrithi wake, ndiye aliyemlisha uji usiku. Alipoulizwa alifoka: "Uji nilikula naye bakuli moja, afande! Au na mimi ni mzimu?" Pazi hakumbishia. Wale vijana wawili hawakuonja uji wa Salumu, wala hawakuwa na ugomvi na Debora. Walichoshiriki na marehemu kilikuwa kimoja tu: chupa za stoo ile.

Zilitengenezwa uani na Sixbert, fundi maabara aliyepunguzwa kazi kiwanda cha dawa cha serikali kilipouzwa. Alimpokea Pazi kwa koti jeupe lililopigwa pasi.

"Hii ni plazma baridi," alisema, akawasha mashine. Ndani ya bomba la kioo viputo vya hewa viliwaka rangi ya zambarau, chumba kikanuka kama hewa baada ya radi. "Umeme unaichangua hewa, hewa inaua vijidudu, na maji hata hayapati joto. Tazama visahani vya kuoteshea vijidudu. Kuna kilichoota? Nionyeshe kijidudu hai kimoja, afande, nitakinywa!"

"Na kabla ya mashine, maji unayapata wapi?"

"Ya mvuke, kama inavyotakiwa. Mtambo ule pale bandani."

Pazi alikwenda bandani. Tangi la shaba lilikuwa la baridi, jambo lisilothibitisha kitu. Lakini mdomo wa bomba linalodondosha maji ulikuwa umezibwa na kiota cha nyigu, udongo umekauka, na matundu waliyotokea watoto wao yameshakuwa wazi. Alirudi kwa daktari.

"Vijidudu vikifa ndani ya maji vinakwenda wapi?"

"Haviendi popote. Mabaki yake yanabaki humo. Ukiyanywa si neno. Yakiingia damuni, baridi na homa. Ndiyo maana tunaanza na mvuke: mvuke unapanda, uchafu unabaki chini."

"Kuna namna ya kupima?"

"Sungura. Mke wangu anafuga."

Pazi mwenyewe alichagua chupa tatu ambazo lakiri zake hazijaguswa. Daktari akawadunga sungura watatu kwenye mshipa wa sikio, akawaacha watatu wengine. Kufikia adhuhuri wale waliodungwa wote walikuwa na homa. Wengine walikuwa wakitafuna majani.

Pazi aliwaita wote stoo.

"Bwana Sixbert, nyigu wamejenga kwenye bomba lako, wamezaa na watoto wameruka. Mvuke haujapita humo kwa wiki kadhaa. Maji uliyatoa wapi?"

"Tangi la mvua," Sixbert alisema polepole. "Kuni zote zimelowa, afande. Na wenye mashine, walionipa niijaribu, wanakuja kuiona barabara ikifunguka. Niliwaahidi itafanya kazi bila kuni. Wangefungua kiwanda Lindi, mimi ndiye meneja. Unajua nimeuza mitumba miaka mingapi, mtu mwenye diploma?"

"Alipotetemeka wa kwanza ulifanya nini?"

"Nilipima tena. Hakukuwa na kijidudu hai."

"Sikukuuliza hivyo."

Sixbert alitazama sakafu. "Kwa yule wa pili nilijua. Nikasema wazima watahimili."

"Na mimi ukaniacha nifungiwe kama mwizi wa kuku!" Debora alisema.

Pazi alimfunga Sixbert pingu. Hapakuwa na chupa hata moja ya zamani, ya maji ya mvuke, na hizi zilizopo zingemmaliza Kadija kwa homa. Daktari alisema mtambo ule, hata kwa kuni kavu, ungehitaji siku nzima kutoa maji ya chupa chache, na kuni kavu hazikuwepo. Mto ulikuwa umefurika, hakuna njia ya kuleta nyingine.

Iddi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alimfuata Pazi hadi barazani.

"Afande, usinikasirikie," alisema kwa upole, kama anayeomba njia. "Tafuta tena. Huenda ni sumu."